Riziki, Mkate na Sifa: Neno Moja la Kiunguja katika Shukrani ya Kikristo

Katika Sala ya Bwana, yaani sala ambayo Yesu anawafundisha wanafunzi wake katika Injili ya Mathayo sura ya 6 na ya Luka sura ya 11, Wakristo wa Unguja huachana kwa neno moja. Wakatoliki huomba mkate. Wanaofuata Biblia ya Toleo la Muungano ya 1952 huomba riziki. Na Biblia Habari Njema, iliyotolewa katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, imekata shauri kwa kusema chakula. Kwa wengi hilo ni jambo la ufundi wa tafsiri, la kuachiwa wajuzi wa Kigiriki. Makala haya yanashikilia msimamo mwingine: neno ambalo muumini huomba nalo ndilo hilo hilo atakaloshukuru nalo, na sifa anayompa Mungu kwa utunzaji wake haiwezi kuwa pana kuliko jina la kile anachoamini kuwa amepewa. Kwa kipimo hicho riziki, neno lililowahi kushutumiwa kuwa ni la Kiarabu mno na ambalo siku hizi linasukumwa pembeni na maneno kama mafanikio, upenyo na kuinuliwa, linaonekana kuwa limeibeba imani ya Kikristo kuhusu utunzaji wa Mungu vizuri zaidi ya wenzake.

Juu ya maana ya sifa yenyewe hakuna ugomvi mkubwa. Claus Westermann, mtaalamu wa Kijerumani wa Zaburi, alikwisha kuonyesha kwamba Kiebrania cha Agano la Kale hakina neno la pekee la kushukuru lililotengana na kusifu, na kwamba anayemshukuru Mungu hufanya hivyo kwa kusimulia mbele ya watu alichotendewa. Kiswahili kina vitenzi viwili, kusifu na kushukuru, lakini Zaburi ya 136 na ya 145 zinavichanganya bila taabu, kwani zote mbili zinafika kwenye chakula cha viumbe wote wakati zinapotaja ukuu wa Mungu. Jambo hili halihitaji kuongezewa neno.

Ugomvi uko kwingine. Mwaka 1930 Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani aliyetoa Agano Jipya mwaka huo huo na Biblia nzima mwaka 1937, alitetea katika jarida la Africa wazo la kukirudisha Kiswahili cha Kikristo kwenye asili yake ya Kibantu kwa kuyaondoa maneno ya Kiarabu kila ilipowezekana. Alijibiwa katika jarida hilo hilo na Kasisi G. W. Broomfield wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao yake Unguja tangu 1864, ambaye alisisitiza kuwa neno lililokwisha kuingia vinywani mwa wenyeji ni lao, liwe limetoka Arabuni au bara. Historia ya lugha ilimpa ushindi Broomfield, kwa sababu Toleo la Muungano lilifuata njia yake na Biblia ya Roehl ikabaki kuwa ya wachache. Hata hivyo ushindi huo ulikuwa wa matumizi, haukuwa wa hoja ya kiteolojia. Broomfield alitetea haki ya neno kutumika, asifike kuuliza kama neno hilo linamfundisha Mkristo kitu ambacho asingekipata kwingine. Roehl naye, kwa kosa lililo kubwa zaidi, alidhani kwamba maana ya neno hukaa katika nasaba yake, kana kwamba muuza samaki wa soko la Darajani anayeomba riziki asubuhi huwa anasema Kiarabu.

Ushahidi wa kwanza dhidi ya dhana hiyo ni wa zamani kuliko mjadala wenyewe. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874 na ambaye chini yake Kanisa Kuu la Mkunazini lilijengwa palipokuwa soko la watumwa, anaeleza katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja cha 1870 kwamba Sheikh Abdulaziz alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi kabisa. Watafiti humtambua sheikh huyo kuwa Abdulaziz al-Amawi, mwanazuoni mzaliwa wa Barawa aliyekuwa kadhi Unguja. Kazi haikwenda mbali. Shughuli za sheikh zilikuwa nyingi, na Steere aliona kwamba lugha yake ilikuwa ya kisomi kupita mahitaji ya misheni. Waandishi wengi hukitaja kisa hiki kama mfano wa urafiki wa dini mbili kisha wakapita. Uzito wake ni mwingine. Kinaonyesha kwamba Steere alikuwa tayari kulikataa neno la Kiarabu pale lilipokuwa la wasomi, na kwa hiyo maneno ya asili hiyo yaliyobaki katika Kiswahili cha kanisa hayakubaki kwa kukosa mchujo, bali yalibaki kwa sababu yalikuwa ya watu wa kawaida. Kinaonyesha pia kwamba kitabu kikuu cha sifa cha Wakristo, kabla hakijawa na sura ya Kiswahili inayojulikana leo, kilipita katika kalamu ya mwanazuoni wa Kiislamu, ambaye kwa imani yake Zaburi ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Daudi.

Ushahidi wa pili ndio unaostahili nafasi kubwa zaidi. Mtu akidhani kwamba Wakristo wa Unguja walichukua riziki kutoka Kiarabu, na afungue Biblia ya Kiarabu iliyoenea zaidi, ile inayojulikana kwa jina la Van Dyck. Katika Sala ya Bwana hatakuta rizki. Atakuta khubz, yaani mkate, likifuatwa na kafaf, neno lenye maana ya kiasi kinachotosha bila kuzidi. Waarabu Wakristo, wenye neno rizki kinywani tangu kuzaliwa, wameomba mkate. Waswahili Wakristo, waliolipokea neno hilo kupitia bahari na biashara, wameomba riziki. Basi neno hili katika sala hiyo halikutoka Arabuni. Ni uamuzi uliofanywa ndani ya Kiswahili, kwa ajili ya wasemaji wake, na wala haukuufuata mfano wa Kiarabu uliokuwepo.

Sababu ya uamuzi huo inaweza kukisiwa kwa upande wa Kigiriki na kwa upande wa jikoni. Kigiriki cha Injili kinaueleza mkate kwa kivumishi epiousios, ambacho Origeni, mwalimu wa kanisa wa karne ya tatu, alikwisha kusema kwamba hakijulikani katika usemi wa watu wala maandishi ya wasomi, na ambacho Jeromu alikifasiri kwa Kilatini kwa namna mbili tofauti, moja katika Mathayo na nyingine katika Luka. Neno lenye utata wa namna hiyo linamwachia mfasiri nafasi. Jikoni nako, mkate wa Unguja si kitu kimoja. Kuna boflo, kuna mkate wa ajemi, kuna mkate wa mofa na kuna mkate wa kumimina wa unga wa mchele na nazi. Na pamoja na hiyo yote, anayesema hajala tangu asubuhi kwa kawaida anakumbuka wali, muhogo au ndizi. Kumwomba Mungu mkate mahali ambapo mkate ni kitafunio cha chai ni kumpunguzia Mungu kazi.

Lakini riziki haipanui sahani tu, na hapa matumizi ya kila siku yanasema mengi kuliko kamusi. Katika Mpendae, mtaa wa Ng'ambo ulio nje ya Mji Mkongwe, ambako Mkristo ana majirani Waislamu kila upande, neno hili husikika dukani, kwenye daladala na msibani. Mtu hutoka kwenda kutafuta riziki. Mteja wa kwanza wa siku ni riziki. Mtoto ni riziki, kwani husemwa kuwa Mungu amemruzuku mtu mtoto. Aliyekosa nyumba aliyoitaka au mchumba aliyemposa hujipoza kwa kusema haikuwa riziki yake. Na anayekufa riziki yake imekatika. Methali inasema kwamba riziki ni kama ajali, huitambui ijapo. Katika matumizi yote haya zipo tabia mbili zinazokwenda pamoja. Riziki ina mwenyewe, ndiyo maana husemwa riziki yangu na riziki yake, lakini mwenyewe huyo hakuitengeneza wala hajui itafika saa ngapi. Aidha, riziki hutafutwa; hakuna anayesema amekaa kitako kungoja riziki ila kwa kejeli.

Tabia hizo mbili zinalingana kwa karibu na kisa cha mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, katika kitabu cha Kutoka sura ya 16, ambacho ndicho mfano mama wa utunzaji wa Mungu katika Biblia. Mana inaokotwa, hailetwi mdomoni. Kila mtu anapata kiasi cha kumtosha. Na inayowekwa akiba hadi kesho yake, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato, inaoza na kutoa mabuu. Paulo anapowahimiza Wakorintho wachangie maskini wa Yerusalemu, katika Waraka wa Pili sura ya 8, anakitumia kisa hicho kudai usawa: kilichozidi kwa mmoja ni cha kuziba pengo la mwingine. Tena huyo huyo Paulo, katika Matendo ya Mitume sura ya 14, anapozungumza na watu wa Listra wasiomjua Mungu wa Israeli, anataja mvua, majira na chakula kuwa ushahidi wa Mungu kwao pia. Riziki basi si ya waumini peke yao, na anayeisifia anasifia kitu ambacho jirani yake asiyeamini naye amekipata kutoka mkono ule ule.

Hapo ndipo mahubiri ya mafanikio yanapoliacha neno hili. Kwa mahubiri ya mafanikio inakusudiwa mafundisho, yaliyoenea katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980, yanayosema kwamba Mungu ameahidi mali na afya kwa kila mwenye imani na kwamba sadaka ni mbegu itakayomrudia mtoaji mara nyingi. Katika mafundisho hayo sifa hubadilika kazi. Muumini hasifu kwa sababu amepewa. Anasifu ili apewe, na kipindi cha kusifu na kuabudu kinachotangulia mahubiri huwa kama ufunguo wa mlango. Msamiati unafuata mkumbo huo, kwa maana upenyo ni wangu dhidi ya walionizuia, na kuinuliwa kuna maana tu kama wapo waliobaki chini. Riziki haikubali matumizi hayo kirahisi. Ni vigumu kwa Kiswahili kumwambia mtu apokee riziki yake kwa kishindo, na ugumu huo si upungufu wa lugha. Mfanyakazi wa hoteli anayeishi Mpendae, ambaye mwaka 2020, wakati wa janga la korona, aliona wageni wakikatika pwani nzima, na aliyeshukuru kwa muhogo aliopewa na jirani, alikuwa na neno la kumsifia Mungu bila kusema uongo. Mwenzake aliyekuwa na upenyo peke yake alilazimika kunyamaza au kujilaumu kwa imani haba.

Wapo watakaosema kwamba riziki inaficha uhusiano wa sala hii na Ekaristi, yaani karamu ya mkate na divai ambayo kwa Wakatoliki na Waanglikana wa Unguja ndiyo kilele cha shukrani, na neno Ekaristi lenyewe kwa Kigiriki lina maana ya shukrani. Hoja hii ina nguvu, na haijibiki kikamilifu: anayeomba mkate husikia Yohana sura ya 6, ambamo Yesu anajiita mkate wa uzima, nyuma ya ombi lake, na anayeomba riziki haisikii. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mkate wa altareni huletwa kama tunda la ardhi na kazi ya mikono kabla haujawa kitu kingine, na tunda la ardhi na kazi ya mikono ndiyo riziki. Wapo pia wanaohofia kwamba neno hili linaleta fikra ya kadari, kwamba kila kitu kimekwisha kuandikwa; hao wamesikiliza msemo wa haikuwa riziki wakausahau wa kutafuta riziki.

Pingamizi zito zaidi ni la historia. Makanisa yaliyochomwa Unguja mwezi Mei 2012 na kuuawa kwa Padri Evarist Mushi Februari 2013 vinatosha kumzuia mtafiti yeyote asidai kwamba msamiati wa pamoja wa Wakristo na Waislamu huwalinda watu. Haukuwalinda. Dai la makala haya ni dogo kuliko hilo, ingawa huenda likawa na uzito zaidi kwa mwanateolojia: kwamba Mkristo anayemsifu Mungu kwa riziki hawezi kumtoa jirani yake katika sifa hiyo bila kuvunja lugha anayoitumia, na akiamua kumtoa itambidi atafute neno jingine.

Mbali na Unguja, katika Kongo Mashariki, ambako Kiswahili kimechukua sura nyingine kabisa na Waislamu ni wachache, Wakristo huwaita watoto wao Riziki, wa kike kwa wa kiume. Wazazi hao hawakuisoma dibaji ya Steere wala hawakuujua ubishi wa Roehl na Broomfield. Walikuwa na mtoto mikononi na walihitaji kusema ametoka kwa nani.