Chombo Hukaguliwa Maji Yakipwa

Mtu anayenunua boti ya mashine iliyokwisha kutumika, naye hajapata kumiliki chombo, huambiwa jambo moja na kila anayemuuliza: kague kabla hujalipa. Ushauri huo hauna ubaya, ila una dhana ndani yake, kwamba ukaguzi ni kazi ya siku moja kati ya mnunuzi na muuzaji, na kwamba matunzo huja baadaye, boti ikishapata mwenyewe mpya. Historia ya vyombo katika pwani ya kuanzia Lamu hadi Kilwa inaonyesha utaratibu mwingine kabisa. Kutunza na kukagua kulikuwa kazi moja, iliyofanywa mchana, ufukweni, mbele za watu, na kurudiwa kwa kufuata mwezi na upepo. Hoja yangu ni kwamba utaratibu huo ulimlinda mnunuzi kuliko hata ujuzi wake mwenyewe, na kwamba mashine ya kupachika ilipoingia iliuvunja bila mtu yeyote kukusudia.

Vyombo vya kale vya pwani hii havikuruhusu uzembe. Mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliyeandika mwongozo wa Bahari ya Hindi katika karne ya kwanza aliitaja bandari ya Rhapta na kusema kuwa jina hilo lilitokana na mashua zake za kushonwa. Mbao zilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na ufundi huo uliendelea katika mitepe ya Lamu na visiwa vyake hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Marco Polo, alipoona meli za kushonwa huko Hormuz mwishoni mwa karne ya 13, alizilaani kuwa ni mbovu na za hatari. Alikuwa amezoea meli za misumari na hakuona faida ya kamba: chombo cha kushonwa huyumba na wimbi bila kupasuka, na kikigonga mwamba hushonwa upya palepale kisiwani, bila mhunzi. Ila kamba huoza, na maji huingia kila siku. Kwa hiyo baharia wa mtepe alilazimika kujua kila ungo wa chombo chake, kwa sababu kisipoangaliwa msimu mmoja tu hakikuwa chombo tena.

Majahazi na mashua za misumari zilipochukua nafasi ya mitepe, udhaifu ulihama tu. Adui mkubwa akawa mdudu anayetoboa mbao majini. Huingia akiwa mdogo mno, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua ndani kwa ndani na kuufuata ubao kwa urefu, huku uso wa nje ukibaki mzima. Ubao wa namna hiyo unaweza kupakwa rangi ukapendeza, na ukavunjika kwa ngumi. Dawa ilikuwa kukitoa chombo majini mara kwa mara, na hapa maumbile ya pwani yetu yalisaidia kwa namna isiyo ya kawaida. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika Unguja na Mombasa hukaribia mita nne. Tena, siku hizo maji hujaa alfajiri na kukauka asubuhi ya saa nne au saa tano. Chombo kililetwa ufukweni gizani, kikatiwa gadi huku na huku kisilale, na jua lilipopanda kilikuwa kimesimama mchangani, tumbo lote nje. Jioni maji yalirudi kukichukua. Bandari za Bahari ya Kati, ambako maji hayapwi kiasi cha kutosha, hazikujaliwa nafasi hii. Huko kukitoa chombo nje kulihitaji kamba, mashine na gharama.

Yafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, maana humo ndimo ulimokuwa ukaguzi. Kwanza uchafu wa bahari ulikwanguliwa. Kisha makuti makavu yaliwashwa na mwali ukapitishwa chini ya tumbo la chombo ili kumuua mdudu. Fundi alipita na nyundo ndogo, akigonga ubao baada ya ubao: mzima hulia, uliooza hujibu kwa sauti fupi, nzito. Kwenye vichwa vya misumari alitafuta weusi wa kutu ulioingia katika mbao, kwa kuwa pale ndipo ubao huanza kuachia taruma. Alama iliyosema zaidi kuliko zote ilikuwa maji ya ngamani. Chombo kinachovuja, kikikaa juu ya nchi kavu, huyatoa maji yake kupitia nyufa zilezile yalikoingilia. Ukisubiri mbao za nje zikauke, sehemu inayobaki na umande imejitaja yenyewe. Hapo ndipo pamba iliyolowekwa mafuta ilipigiliwa kwa patasi ya kukalafati, na juu yake tumbo likapakwa deheni, yaani chokaa iliyokandwa na shahamu. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake ilitangulia kukitambulisha chombo kabla hakijaonekana.

Kazi hiyo haikufanyika kwa siri, na haikuwezekana kufanyika kwa siri. Ilihitaji watu wengi kwa saa chache, na ufuko wa Matondoni, wa Nungwi au wa Jibondo ulikuwa pia njia ya watu na mahali pa kukaa. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi kubwa la Kuwait kutoka Aden hadi Unguja na Rufiji katika msimu wa 1938 na 1939, aliandika kitabu kizima kuhusu maisha hayo, na humo vyombo vinaonekana vikiishi machoni pa bandari nzima. Kutokana na hali hiyo nadhani ni haki kukata shauri hili: aliyetaka kununua mashua ya mwenziwe hakuanza na ujinga. Alikuwa ameliona tumbo lake mara kadhaa, na alijua ni nani aliyekalafati kwa pamba mpya na ni nani aliyepaka deheni juu ya uozo. Linganisha na London. Wenye bima waliokutana katika mkahawa wa Lloyd hawakuwa na ufuko wa namna hiyo, wakaunda daftari la meli, la mwanzo kabisa lililobaki likiwa la 1764, ambamo hali ya kila meli iliandikwa kwa herufi. Walihitaji herufi kwa kuwa walikuwa wakiweka fedha juu ya meli ambazo wengi wao hawangeziona chini ya maji maisha yao yote.

Msomaji anaweza kusema kuwa naipamba zamani. Vyombo vya mbao vilizama, watu walidanganyana, na deheni mbichi ilificha mengi. Ni kweli yote. Nahodha aliyekuja na kaskazi kutoka mbali angeweza kumuuzia mgeni jahazi bovu na kuondoka na kusi. Ila mfano huo wenyewe unaniunga mkono: udanganyifu ulifaulu pale ambapo mnunuzi hakuwa ameyaona matunzo. Kwa muuzaji wa mtaa uleule, deheni ilificha kwa bamvua chache tu, kisha ikabidi ikwanguliwe tena, na aliyeuza alikuwa bado jirani.

Mashine ya kupachika ndiyo iliyobadilisha hesabu. Ole Evinrude alianza kuziuza huko Milwaukee mwaka 1909. Yamaha, ambayo jina lake sasa limezoeleka katika kila diko la wavuvi, ilitoa ya kwanza mwaka 1960. Faida zake hazibishaniwi. Mvuvi hausubiri tena upepo, na mgonjwa wa kisiwani hufikishwa hospitali usiku uleule. Lakini sehemu ya chombo yenye thamani kubwa sasa imefunikwa kava, na inaharibika kwa namna isiyoonekana ufukweni. Mashine hiyo hujipoza kwa maji ya bahari inayoyavuta yenyewe. Ikizimwa bila kusafishwa kwa maji baridi, chumvi hukauka ndani ya mishipa yake, safari baada ya safari, mpaka joto liue. Aliyeisafisha kila jioni na ambaye hakuisafisha hata mara moja, mashine zao zinaweza kuonekana sawa kabisa siku ya kuuzwa.

Wapo wanaojibu kwamba angalau boti ya faiba imetuondolea taabu ya tumbo, kwa kuwa haina mbao wala mdudu. Jibu hilo limewagharimu wengi. Faiba haiozi, lakini boti nyingi za faiba zina mbao ndani yake, na hasa katika ubao wa tezi ambao mashine hufungwa juu yake. Maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, mbao hizo huoza zikiwa zimefungiwa, kama ubao ulioliwa na mdudu wa zamani: uso mzima, ndani unga. Nyundo ya fundi wa jahazi hufanya kazi hapo vilevile. Na boti iliyolala majini miaka mingi huota malengelenge tumboni, ambayo kopo moja la rangi hufunika.

Kipo kitu kimoja katika boti ya mashine ambacho bado huhifadhi kumbukumbu ya matunzo, nacho kina historia yake. Mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliwaonyesha wanamaji wa nchi yake kuwa shaba iliyolifunika tumbo la meli haitaliwa na chumvi ikiwa itaunganishwa na kipande cha zinki au chuma, kwa kuwa kipande hicho huliwa badala yake. Alifaulu kupita kiasi: shaba ilipolindwa, viumbe vya baharini vilishika juu yake na kuzichelewesha meli, mpango ukaachwa. Kanuni yake lakini inatumika leo katika kila mashine ya boti. Kipande cha zinki kilicholiwa nusu kinasema kimefanya kazi na kwamba hubadilishwa kwa wakati. Kilichokwisha kabisa kinasema mwenyewe hakuangalia. Kilicho kizima kwenye mashine kuukuu kinaweza kuwa kipya, na pia kinaweza kuwa kimepakwa rangi na mtu asiyejua kazi yake, hivyo chuma cha mashine kikaliwa mahali pake.

Mnunuzi wa kwanza, basi, ashughulike zaidi na kutafuta matunzo ya miaka iliyopita kuliko kuistaajabia boti. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama tui, maji yameingia kupitia sili, na hakuna mazungumzo ya kuliondoa hilo. Mgandamizo wa silinda upimwe, zote zikaribiane. Mashine aikute baridi, maana muuzaji anayeipasha moto kabla mgeni hajafika ana sababu. Na kabla ya yote hayo aombe boti iletwe ufukweni siku ya bamvua, itiwe gadi, ikae mpaka ikauke, fundi wa mbao na fundi wa mashine wakiwapo pamoja na yeyote wa mtaani anayependa kutazama. Anayekataa kuipweleza boti yake mchana mmoja, mbele ya majirani waliomwona akiitumia, bei yake yoyote ni kubwa.