Mstari wa Tano

Jumapili jioni jirani yangu wa chini, hapa Bakarani, alinigongea mlango na barua kutoka shule ya mtoto wake. Mistari sita, yote Kiingereza.

"Mwanangu, hebu nisomee. Manake huyu akinisomea, ananisomea anachotaka yeye."

Kweli kabisa. Barua ilikuwa ya mkutano wa wazazi kuhusu utoro. Kijana alikuwa ashamwambia mamake ni safari ya Haller Park na pesa zinahitajika kufikia Jumatano. Tulicheka mpaka basi. Yeye hakucheka.

Nilimsomea mama mistari mitano kati ya sita. Ule wa tano niliuruka.

Wazazi wa mama huyu walikimbia Barawa vita vilipochacha Somalia mwaka 1991, na utoto wake ukapita kambi ya Utange, huku huku Kisauni. Kiswahili hakikuwasumbua sana. Watu wa Barawa wana Kiswahili chao, Chimbalazi, na ukiwa nacho utaelewana tu na watu Kongowea sokoni. Shida ilikuwa karatasi. Babake, anasema, kila fomu alimpelekea kijana mmoja wa kambini aliyejua Kiingereza kidogo kuliko alivyojigamba. Fomu ikijazwa vibaya, hujui mpaka siku unaitwa, au huitwi. Kambi za pwani zilipofungwa miaka hiyo ya 1990, kuna waliopata Marekani, kuna waliopelekwa Dadaab na Kakuma, na kuna waliobaki Mombasa kimya kimya. Yeye ni wa kimya kimya.

Yule kijana wa fomu ndiye aliyenikosesha usingizi, kwa sababu Kisauni ilishakuwa na watu kama yeye zaidi ya miaka mia moja kabla ya Utange.

Kengeleni tunapita kila siku. Shuleni tuliambiwa kengele ile ilipigwa kuonya watu kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanakuja, tukanakili, tukafunga daftari. Hatukuambiwa waliokuwa wakionywa walikuwa wakiongea lugha gani.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi, na watu waliokutwa ndani ilibidi wapelekwe mahali. Kwao Nyasa au Uyao kulikuwa mbali, na njiani wangekamatwa tena. Kwa hiyo shirika la kimisheni la Kianglikana, CMS, likanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, likaipa jina la Bartle Frere, yule bwana aliyetumwa na Uingereza kwa habari ya mkataba. Kuanzia 1875 watu waliteremshwa hapo kwa mamia: Wayao, Wamakua, Wanyasa. Wengi hata hawakuelewana wao kwa wao, sembuse na Mzungu.

Waliowapokea hawakuwa Wazungu peke yao. Kulikuwa na wale walioitwa Waafrika wa Bombay: waliokamatwa utumwani wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa karibu na mji wa Nashik. Walirudi na Kiingereza, Kihindustani, na fundi mbalimbali. William Jones, Myao, na Ishmael Semler walikuwa Rabai tangu 1864. Jacob Wainwright, Myao mwingine wa shule hiyo hiyo, ndiye aliyeandika kwa Kiingereza habari za kifo cha Livingstone, akasafiri na jeneza mpaka London mwaka 1874.

Sasa fikiria umeteremka jahazini leo, hujui uko wapi, na anakujia mtu aliyewahi kuwa mahali pako. Anakueleza shamba lako ni lipi, dawa hii ni ya nini, kengele ikilia ufanye nini. Anakueleza pia sheria za misheni, na viboko vilikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 vilizua kashfa mpaka Uingereza. Maneno yote mawili, la huruma na la kiboko, yalipita mdomoni mwake.

Kisha wakubwa wakaanza kuhofia hicho Kiingereza. Waafrika wa Bombay walidai heshima na mshahara unaolingana na kazi yao, na kukawa na wamisheni walioona Kiingereza kinawatia watu kiburi, bora wengi wafundishwe kwa Kiswahili tu. Mimi napenda Kiswahili, ndicho ninachoandikia. Lakini kunyimwa Kiingereza na mtu anayekitumia kuandika barua kukuhusu ni jambo jingine. Mwaka 1888 kampuni ya IBEA ilianza kazi Mombasa, 1896 ikaja reli, na waliojua Kiingereza wakaenda kulipwa vizuri zaidi huko. Nani asingeenda?

Palifunguliwa pia Frere Town chuo cha theolojia ambacho baadaye, 1930, kilihamia Limuru. Leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mimi chuo changu, ambacho si hicho, nilikiacha mwaka wa pili kwa karo. Kilichobaki ni Kiingereza. Nawaandikia watu barua za kazi, shilingi mia kwa ukurasa, na mara nyingi najiona mwema sana.

Mstari wa tano ulisema: wazazi wanaombwa kuongea na watoto wao Kiingereza nyumbani.

Niliuruka nikidhani namhurumia. Jumatatu usiku nikateremka, nikamsomea kama ulivyo. Alinyamaza kidogo, akamtazama mwanawe aliyekuwa akijifanya anasoma. Hakuulizia mstari ule hata kidogo. Alitaka kujua utoro unaitwaje kwa Kiingereza, asije akakaa mkutanoni kama gogo. Nikamwambia. Akaniomba nimtajie herufi polepole, akaziandika nyuma ya risiti ya tokeni za stima, moja moja.

Mkutano ni Ijumaa, saa nane. Ameniuliza kama nitamsindikiza.