Tano kwa Sita

Mtanzania hulala kwenye futi. Unga ananunua kwa kilo, mafuta ya taa kwa lita, safari anaihesabu kwa kilomita, lakini usiku ukiingia analala kwenye tano kwa sita, na mwenye chumba kikubwa kwenye sita kwa sita. Nimetengeneza vitanda Keko, Dar es Salaam, tangu ujana wangu, na oda ya sentimita huletwa tu na waliorudi kutoka Ulaya na godoro lao ndani ya kontena. Godoro lenyewe ni sentimita 160 kwa 200. Ukiliweka kwenye tano kwa sita linazidi inchi tatu kwa upana na karibu inchi saba kwa urefu, basi inabidi nianze fremu upya, na mteja ananuna kwa bei.

Ingia karakana yoyote pale uone. Mbao ni mbili kwa nne, kwa inchi, na urefu wake futi 12. Plaiwudi ni futi nne kwa nane, lakini unene wake ni milimita 18. Msumari ni wa inchi nne, nao unauzwa kwa kilo. Hata hiyo futi nane ya plaiwudi si futi nane kamili: futi nane ni milimita 2,438.4, na kiwanda kinakata 2,440. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko njia ya msumeno, ndiyo maana hakuna anayegombana.

Wengi huwatupia Waingereza lawama zote. Mimi nawapa nusu. Kabla yao pwani ilikuwa na shibiri, mkono na pima, na nguo zilizopelekwa bara na misafara zilihesabiwa hivyo: shuka moja mikono minne, doti mikono minane. Wajerumani ndio waliotutangulizia mita. Reli waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914 ina upana wa mita moja kamili. Waingereza nao, pamoja na futi zao zote, walipoanza kutandika reli kutoka Mombasa mwaka 1896 waliifanya ya mita moja, kama walivyokwisha kufanya India. Cha kuchekesha ni reli yetu mpya ya SGR, fahari ya zama za kilomita: upana wake ni milimita 1,435, yaani futi nne na inchi nane na nusu, kipimo cha reli za Uingereza za karne ya 19.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza alichukua Tanganyika, akaja na futi, ratili na galoni. Kwa maoni yangu futi ilipata wenyeji haraka kwa sababu haikuwa ngeni mwilini. Mikono miwili ni yadi moja. Pima moja ni futi sita. Mita haikulingana na kiungo chochote cha mtu.

Uhuru ulipokuja, serikali ikachagua vipimo vya mita, na mwaka 1982 Bunge likapitisha Sheria ya Vipimo. Ratili ikafa. Vijana ninaowafundisha kazi hawajawahi kuiona. Futi haikufa, na sababu si ukaidi wetu. Ratili ilikuwa kwenye mawe ya mizani, na mawe hubadilishwa kwa siku moja. Futi imo kwenye kitanda, na kitanda kimefungwa na godoro, na godoro na shuka, na shuka na chandarua. Anayetaka kuanza na sentimita amwombe kwanza mwenye kiwanda cha magodoro. Galoni imebaki jina tu. Kopo la rangi la lita nne tunaliita galoni, ingawa galoni ya Mwingereza ilizidi lita nne na nusu, na hiyo nusu hakuna aliyewahi kuidai.

Kwa kitanda sina ugomvi. Ugomvi wangu uko kwenye ardhi.

Ekari ni yadi za mraba 4,840. Wazee waliipima kwa hatua 70 kwa 70, na hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi, kwa hiyo walipata 4,900. Kwa kazi ya miguu, hiyo ni hesabu nzuri sana. Siku hizi utasikia ekari ni mita 70 kwa 70. Hizo ni mita za mraba 4,900, ilhali ekari ni 4,047 hivi. Zilizozidi ni viwanja viwili vya mita 20 kwa 20, na bado unabaki na nafasi ya choo. Kwingine bado wanapima kwa miguu, na muuzaji hutafuta mtu mfupi wa kuhesabu. Hatua ya sentimita 75, mara 70 kila upande, haifikishi hata mita za mraba 2,800.

Kwa hiyo ukienda kununua shamba, chukua tepu ya mita 50. Pimeni pande zote nne mbele ya majirani na mashahidi, na kwenye karatasi ya mauziano ziandikwe mita za mraba, siyo ekari peke yake.