Mwamuzi na Urithi wa Sayyid Said

Mpatanishi huwaongoza wagomvi hata wakapatana wenyewe. Mwamuzi hukata neno, nao wakalifuata. Kazi hizi ni mbili, lakini sharti lake kubwa ni moja: aketiye kati asiwe na fungu katika kinachogombewa. Uzito wa sharti hilo huonekana katika shauri la urithi wa Sayyid Said.

Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, mwanawe Majid alishika Unguja, na Thuwaini akashika Maskati. Majid aliahidi kumpelekea nduguye reale 40,000 kila mwaka. Thuwaini alizihesabu kuwa kodi ya utii, Majid alikana. Mwaka 1859 Thuwaini alituma merikebu zije kupigana, Waingereza wakazirudisha. Ndipo ndugu hao wakaahidi kwa maandishi kuifuata hukumu ya Lord Canning, Gavana Mkuu wa Uhindi.

Kwa upande wa utaratibu, mengi yalifanywa vema. Canning hakuhukumu kwa uvumi: mwaka 1860 alimtuma Brigedia Coghlan wa Aden, akachunguza habari Maskati na Unguja. Hukumu ilitolewa tarehe 2 Aprili, 1861. Majid atawale Unguja na milki za Afrika. Alipe reale 40,000 kila mwaka, pamoja na 80,000 za miaka miwili iliyopita. Tena sababu zilielezwa: malipo hayo si dalili ya kuwa chini ya Maskati, bali ni fidia ya kusawazisha mafungu ya urithi yasiyolingana. Ndugu wote wawili waliikubali kwa barua.

Hata hivyo, kiti cha mwamuzi hakikuwa safi. Barghash alipomwasi Majid mwezi Oktoba 1859, askari wa manowari za Kiingereza walisaidia kumshinda, naye akahamishiwa Bombay. Basi serikali iliyoamua ilikuwa imekwisha shika silaha upande mmoja. Na ridhaa ya Thuwaini ilipatikana baada ya merikebu zake kurudishwa na serikali iyo hiyo.

Hukumu ilizuia vita, na hiyo ni sifa yake. Lakini iliigawa dola moja kuwa mbili dhaifu, na mwaka 1890 Unguja ikaingia chini ya himaya ya Uingereza. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama pande zote zilisikilizwa na kuridhia. Yapasa kuuliza kwanza kama zilikuwa na uwezo wa kukataa.