Kuuzisha nyumba: kutoka kalinzi ya wazee mpaka setifika ya Serikali

Katika mji wetu wa Bukavu hakuna neno linaloleta kelele katika jamaa kupita neno "nyumba". Baba anafariki leo, kesho komisioneri anapita mbele ya kiwanja, anaangalia mabati na kuuliza bei. Mbele ya kuhukumu watu wa leo, inafaa tujue ginsi gani wazee wetu walikuwaka wanatoa na kupokea udongo, na sheria ya sasa imetokea wapi.

Katika Bushi ya zamani, nyumba yenyewe haikuuzwa. Ilikuwa miti na majani, ikizeeka unajenga ingine. Kitu cha maana kilikuwa udongo na shamba la ndizi lililozunguka nyumba. Udongo huo ulikuwa mikononi mwa mwami na wakubwa waliogawa kwa jina lake. Mtu aliyetaka kukaa alitoa kalinzi: ng'ombe, ao mbuzi, kufuatana na udongo na nguvu zake. Kalinzi haikuwa bei. Ilikuwa sawa kusema: mimi ninakutambua kama mkubwa wangu, na wewe unitambue kama mtu wako. Basi alipata fasi ya kujenga, ya kupanda ndizi, na ya kuachia mtoto wake. Yule asiyekuwa na kalinzi alichukua bwasa: alilima kwa muda, akalipa, lakini hakuruhusiwa kupanda ndizi, kwani mwenye kupanda ndizi ni mtu wa kubaki. Nyuma, wakati feza zilipoingia, ikakuja bugule, ni kusema kununua udongo moja kwa moja.

Tusisifu zamani kupita kiasi. Mkubwa aliweza kumnyang'anya mtu udongo kwa kumshitaki kwamba hana heshima, na kwa kawaida mwanamke hakupata udongo kwa jina lake. Lakini jambo moja tulishike: kalinzi ilitolewa mbele ya mashahidi. Majirani walijua nani anakaa wapi, na kwa haki gani.

Wazungu walileta mambo mengine. Tarehe 1 Julai 1885, Serikali ya Léopold wa Pili ilitangaza kwamba udongo usio na mtu ni wa Serikali. Tarehe 30 Julai 1888 ikatoka sheria ya mapatano, ambayo ndiyo inasema kazi za mwenye kuuza na mwenye kununua. Lakini mtu mweusi wa mjini hakuwa bado na kiwanja kwa jina lake kama Mzungu. Ilingojewa tarehe 10 Februari 1953, amri ilipofungulia Wakongomani mlango wa kuwa na nyumba na udongo kila mtu kwa jina lake. Ilikuwa miaka ile ile ambapo OCA, ofisi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1952, ilijenga Bagira. Wazee wengi wa miji ya Kongo walishika tu kijitabu, ile "livre ya lojere", wakaiweka ndani ya sanduku pamoja na karatasi ya ubatizo.

Kisha uhuru, sheria ya Bakajika ilikuja mwaka 1966 kurudishia Serikali udongo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikamaliza neno: udongo wote ni mali ya Serikali, wala hauuzwi. Sasa mtu atauliza: kama udongo hauuzwi, sisi tunauzishaka nini? Tunauza nyumba, pamoja na haki ya kukaa juu ya ule udongo. Mkongomani alipewa haki isiyo na mwisho; mgeni alipewa haki ya miaka 25 inayoweza kurudiliwa. Na haki hiyo inasimama kisheria kwa setifika inayotolewa na konservateri. Karatasi ya shefu wa avenyu inaonyesha tu kwamba watu wanakujua. Haikupi haki ile.

Mama yangu mdogo alikuwa mjane katika Kadutu. Siku moja mtu alibisha mlango na karatasi mkononi, akasema amenunua. Kumbe bulamu wake, mdogo wa marehemu, alikuwa amekwisha kuuza na feza amekula. Mama mdogo alijibu: "Mimi njo nilibeba mchanga ya hii nyumba ku kichwa. Leo munaniomba karatasi?" Majirani walitoka, wakashuhudia. Kesi ilichukua miaka. Mwishoni yeye alibaki ndani ya nyumba, na aliyelia sana alikuwa mnunuzi, kwa sababu bulamu hakuwa na kitu cha kumrudishia.

Sheria ilikuwa upande wa mama mdogo. Kuuza kitu cha mwengine ni bure, hakuna mauzo. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilisema mume hauzi nyumba pasipo mke kukubali, wala mke pasipo mume. Baba akifa, watoto wote, wa kiume na wa kike, ni wariti wa kwanza na wanapata robo 3 za mali. Na mjane anabaki na haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na mume wake. Kwa hiyo mwana mmoja, hata mkubwa, hawezi kuuza peke yake.

Na mwenye haki ya kuuza, deni lake ni nini? Kwanza kumpa mnunuzi kile alichouza. Pili kumlinda: akija mtu mwengine kusema nyumba ni yake, muuzaji ajibu. Tatu kutoficha ubovu. Katika mji wetu wa milima, ambapo mmomonyoko unabeba viwanja, kupaka chokaa juu ya ukuta uliopasuka kisha kuuza ni udanganyifu, na mnunuzi anaweza kudai. Mnunuzi naye alipe bei, halafu aende kwa konservateri setifika ibadilishwe kwa jina lake. Asingoje: ikikaa kwa jina la muuzaji, huyu anaweza kuuza mara ya pili.

Wazee wetu hawakuwa na muhuri, lakini walikuwa na mashahidi. Sisi tuna muhuri, tukasahau kuita watu. Ndugu, ukitaka kuuza, kusanya kwanza mke, watoto, na majirani wa kulia na wa kushoto. Ukitaka kununua, usiangalie tu karatasi, ingia ndani, uulize mama unayemkuta ku jikoni: "Mama, nyumba hii inauzwa, unajua?" Kama yeye hajui, rudi na feza zako kwako.