Spana na Bisibisi Tu: Brooklands, 1908

Mapema mwaka 1908, mbele ya wasimamizi wa Royal Automobile Club ya Uingereza, Cadillac tatu zilifunguliwa huko Brooklands, karibu na London, kila moja ikabaki lundo la vipande 721. Vipande vikachanganywa, takriban 90 vikabadilishwa kwa vipya kutoka stoo ya wakala, na mafundi wakapewa spana na bisibisi tu, tupa ilikatazwa. Magari yakafungwa upya, yakawaka, yakakimbia maili 500. Tukio hili husimuliwa kama ushindi wa kampuni moja. Mimi naliona kama ushahidi kwamba kazi ya kupima ilikuwa imeshahama kutoka kwa anayefunga gari kwenda kwa anayechonga kipande.

Giaboksi za magari yale zinalithibitisha hilo. Ndani yake gia ndogo kadhaa huizunguka gia ya kati; pini ya mojawapo ikikaa upande kidogo tu, gia hiyo hubeba mzigo wa wenzake na meno yake huliwa upesi. Henry Leland, aliyeiongoza Cadillac, alifanya kazi katika kiwanda cha bunduki cha Springfield na baadaye Brown & Sharpe. Katika kazi ya namna hiyo geji ya tundu huwa na ncha mbili: moja lazima iingie, nyingine lazima ikatae. Hakuna anayeweza kuchonga kipimo kamili. Kinachowezekana ni kukubaliana mapema kosa liishie wapi, na hilo ndilo lililokuwa somo gumu.

Watapinga wengine kwamba mafundi wa Uingereza walitengeneza giaboksi tulivu mno kwa tupa na mikono yao. Ni kweli, lakini gia hizo zilizoeana zenyewe kwa zenyewe. Moja ikivunjika mbali na kiwanda, spea yake ilibidi ichongwe upya. Wala ustadi wa gereji haukufa. Fundi wa Nairobi au Dar es Salaam anayefunga klachi bado hupitisha shafti kuukuu katikati ya pleti ili ikae sawa, ndipo akaze bolti kidogo kidogo kwa kukingamana. Akikaza kabla ya hapo, giaboksi haitaingia. Anaweza kuiamini shafti hiyo, ingawa ilitoka gari jingine, kwa sababu meno yake yalikatwa ndani ya mipaka ileile.