Ulimwengu wa Wiedźmin

Ulimwengu wa Wiedźmin ni ulimwengu wa kubuni uliotungwa na Andrzej Sapkowski, mwandishi wa Polandi aliyezaliwa Łódź mwaka 1948. Ulijulikana kwanza mwaka 1986, hadithi fupi iitwayo "Wiedźmin" ilipochapishwa katika jarida la Fantastyka. Ilifuatwa na mikusanyo ya hadithi, kisha riwaya tano zilizotoka kati ya 1994 na 1999. Mhusika wake mkuu ni Geralt wa Rivia, mtu anayelipwa kuua mazimwi. Jina la kazi yake, wiedźmin, Sapkowski alilitunga kutokana na neno la Kipolandi wiedźma, yaani mchawi wa kike.

Sihiri

Nguvu ya sihiri imo katika maji, ardhi, hewa na moto. Moto ndio wenye hatari kuliko yote, kwa kuwa humlevya anayeuchota. Wasichana wenye kipaji husomea Aretuza, katika kisiwa cha Thanedd, na wavulana husomea Ban Ard. Wengi huishia kuwa washauri wa wafalme, na kwa hiyo sihiri haitengani na siasa.

Wiedźmini hawana elimu hiyo. Huchukuliwa wangali watoto na kunyweshwa dawa za mitishamba zinazobadili miili yao, na wengi hufa. Anayepona huona gizani, lakini hawezi kuzaa. Sihiri yake ni ishara chache za mkono: Aard husukuma, Igni huunguza, Quen hukinga.

Mazimwi

Mazimwi hawakuwa wenyeji wa ulimwengu huu. Waliingia malimwengu yalipogongana, nao wakakwama. Hata hivyo, wengi wao wana asili katika imani za Waslavi. Strzyga, kwa imani ya Wapolandi, ni mtu aliyezaliwa na roho mbili na safu mbili za meno. Roho moja huondoka anapokufa, nyingine hubaki ikiwahangaisha walio hai. Katika hadithi ya Sapkowski, strzyga ni binti ambaye mfalme Foltest alimzaa na dada yake mwenyewe. Geralt hamuui. Hukesha ndani ya kaburi la binti huyo hadi jogoo wawike, na laana humtoka binti.

Kikimora, ambaye kwa Warusi ni pepo wa kike wa nyumbani anayesokota nyuzi usiku, hapa amegeuzwa kiumbe cha kinamasi. Michezo ya kompyuta iliyotokana na vitabu hivi imewapa nafasi kubwa leszy, mwenye msitu, na południca, mwanamke wa mashambani anayewadhuru wanaofanya kazi jua la utosi.

Mataifa yanayoshindana

Waelfi na vibete wachimba migodi hawakutoka kwa Waslavi, bali katika ngano za Wajerumani na Wakelti. Lugha ya Waelfi imechota mengi kutoka Kiwelisi na Kiayalandi. Katika hadithi, Waelfi na vibete walitangulia kuishi katika nchi hizi, na binadamu wakaja baadaye. Waelfi huishi mamia ya miaka, lakini vijana tu ndio wenye uwezo wa kuzaa. Vijana wengi walipomfuata kiongozi wao Aelirenn vitani dhidi ya binadamu wakaangamia, taifa zima likaanza kufifia.

Wanaoendelea kupigana huitwa Scoia'tael, na hujipamba kwa mikia ya kindi. Milki ya Nilfgaard iliwatumia dhidi ya falme za Kaskazini, kisha amani ilipofanywa ikawatoa makamanda wao wauawe.

Umuhimu

Kampuni ya CD Projekt Red ilitoa michezo mitatu mikuu mwaka 2007, 2011 na 2015, na tamthilia ya Netflix ilianza mwaka 2019. Thamani kubwa ya kazi hii, hata hivyo, imo vitabuni. Humo mazimwi wanapungua na wiedźmini wanakosa kazi, ilhali majirani wanazidi kuchinjana kwa sababu ya masikio ya Waelfi na kimo cha vibete. Msomaji anayetaka kuanza aanze na mkusanyo wa Ostatnie życzenie wa mwaka 1993, ambamo hadithi ya strzyga imo.